Vitabu Vilivyohifadhiwa Kama Mbegu

Makopo matupu yaliyofungwa kwenye kamba yakigongana yana mlio wake, na mimi nikiusikia mlio huo hata leo, mkono wangu wa kushoto unatafuta kitabu. Wa kulia ulikuwa wa kuvuta kamba, wa kushoto wa kitabu. Ndivyo nilivyosoma mimi. Nilikuwa nakaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti tunachokijenga kwa miguu mirefu katikati ya mashamba ya mpunga, chini yangu maji ya masika yamesimama, mbele yangu mpunga umeanza kutoa masuke, na hewani kweleakwelea wanakuja kama moshi unaogeukageuka. Navuta kamba, makopo yanalia, ndege wanaruka, nasoma mistari miwili, wanarudi, navuta tena. Kulikuwa na harufu ya matope na ya mpunga mbichi, ule ambao ukiubana kwa meno unatoa maziwa, na harufu ya kuni mbichi kutoka jiko la mama lililokuwa humo humo juu, kwenye udongo uliotandazwa sakafuni ili tusiungue wote. Sasa mimi ni bibi mwenye mvi, nina mashine mbili, ya kukoboa mpunga na ya kusaga, hapa Kibaoni, Ifakara mjini, na watu wakinipita wananiamkia kwa heshima. Lakini darasa langu lilikuwa lile dungu, na maktaba iliyolilisha darasa lile ndiyo ninayotaka kuieleza, ilivyokuwa na ilivyokufa.

Nasema mapema kwamba mimi si msomi. Shule yangu iliishia njiani, na nitaeleza ilivyoishia. Ninaandika kwa sababu siku hizi kila anayevaa tai ana semina ya namna ya kuendesha maktaba, na mimi nimekaa kwenye semina moja kama hiyo, nikanywa soda yao, nikasikiliza kanuni zao zote kuanzia asubuhi, na sikusikia hata moja iliyomtaja mtu. Zote zilikuwa za rafu, za namba, za kufuli. Mimi maktaba nzuri niliiona kwa macho yangu nikiwa mtoto. Iliendeshwa na mwanamke mmoja ambaye hakuwahi kuhudhuria semina, na iliuawa na watu wema waliokuwa wanajitahidi kuitunza.

Kijiji chetu kilikuwa upande wa Idete, kijiji kidogo tu, na masika yakianza kilikuwa kinabaki na mbuzi na vikongwe. Wengine wote tunahamia bondeni. Wageni hawalielewi jambo hili, wanafikiri mtu akiwa na nyumba basi anakaa nyumbani. Sisi Wandamba wa wakati ule nyumba ilikuwa ya kiangazi. Mpunga ukishapandwa, familia inabeba sufuria, majembe, chumvi na kuku wachache, inavuka mto kwa mtumbwi, inakwenda kukaa dunguni mpaka mavuno, maana shamba usipolala nalo linaliwa na nguruwe pori na viboko, na mchana usiposhinda nalo linaliwa na ndege. Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la nne. Mtihani wa darasa la nne enzi hizo ulikuwa mlango: usipoupita, umebaki nje. Kaka zangu walikuwa wakubwa na mashamba yao, mdogo wangu alikuwa bado ananyonya, kwa hiyo wa kufukuza ndege nilikuwa mimi. Baba akaenda kwa mwalimu mkuu kumwambia kwamba ananichukua. Mwalimu alikasirika, akasema maneno makali juu ya wazazi wa bondeni, kisha akatoa sharti ambalo kwa kweli lilikuwa la haki. Nikirudi baada ya mavuno nikiwa nazijua hesabu za darasa la nne zote, na nasoma bila kukwama, ataniingiza kwenye mtihani pamoja na wenzangu. Nisipozijua, nibaki na ndege wangu. Baba hakujua kusoma hata jina lake, lakini alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi alikuwa mke wa mwenye duka, watu wa pwani waliokuja kwetu na biashara ya chumvi, nguo na mafuta ya taa. Serikali ilipoleta sanduku la vitabu kwa ajili ya watu wazima waliokuwa wanafundishwa kusoma, mwenyekiti wa kijiji alimkabidhi yeye, na sababu ilikuwa moja tu: yeye hahami. Kila mtu mwingine angehamia bondeni na ufunguo. Vitabu vikawekwa kwenye chumba cha nyuma ya duka kilichokuwa cha mapipa ya mafuta ya taa, kwa hiyo vyote vilinuka mafuta hayo, na ilikuwa heri, maana mchwa hawakuvipenda. Yeye mwenyewe alikuwa amesoma chuoni, Kurani anaisoma kwa Kiarabu, lakini herufi hizi zetu alijifunzia humo humo chumbani, akiwa amekaa juu ya gunia la chumvi, akivisoma vitabu vile kimoja baada ya kingine kabla hajampa mtu. Alikuwa na ulimi. Ukienda kuomba kitabu unajua kwamba utatukanwa kidogo kwanza.

Siku hiyo baba alipofika, Bi Mwanaidi alimtazama kuanzia miguuni. "Wewe Mndamba," akamwambia, "kitabu cha mwaka jana ulinirudishia kinanuka kambale."

"Ndiye aliyekisoma," baba akajibu. "Mimi sijui kusoma."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitabu cha hesabu cha darasa la nne, ambacho sijui kiliingiaje kwenye sanduku la watu wazima, akakifunga kwenye mfuko wa nailoni wa ndani ya gunia la mbolea, akaukaza kwa kamba ya mkonge. Hakumpa baba. Alinipa mimi mkononi. Akaniambia nisimletee kitabu kisafi, maana kitabu kinachorudi kisafi hakikufunguliwa, na kwamba nikirudi hataniuliza kitabu kiko wapi, ataniuliza kimesema nini.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kanuni yake, na zingine zilitokana na hiyo. Familia zilipokuwa zinajiandaa kuvuka mto, alikuwa anapita nyumba kwa nyumba na kapu, na katika mizigo ya kila nyumba kinaongezwa kitabu kama inavyoongezwa chumvi. Hakukuwa na siku ya kurudisha. Siku ya kurudisha ilikuwa mavuno, kwa sababu kabla ya mavuno hakuna mtu wa kurudisha. Ukirudi anakukalisha kwenye kizingiti, unamsimulia, na akiona unababaika anakupa kitabu kile kile tena, anakitia mkononi mwako tu, na aibu yake huwa unaibeba mpaka nyumbani. Mwenye mikono ya matope alipewa kitabu. Aliyekipoteza kimoja mtoni alipewa kingine, baada ya kutukanwa. Mtu mmoja alikuja kulalamika kwamba jirani yake amesokota sigara kwa ukurasa wa kitabu cha kilimo cha pamba. Bi Mwanaidi akasema pamba yenyewe hapa hatulimi, afadhali huo ukurasa umepata kazi. Alikuwa anajua kwamba kitabu kinachotumika kinakwisha, kama sabuni inavyokwisha, na hakuona kwamba ni hasara.

Huko bondeni vitabu havikukaa mahali pamoja. Mtu akimaliza chake anampigia kelele mwenzake wa dungu la pili, wanakutana na mitumbwi katikati ya matete, wanabadilishana, na kama mmoja hajui kusoma basi mtoto wake anasoma kwa sauti na dungu lote linasikiliza. Kulikuwa na mzee mmoja hodari wa kusimulia ambaye alisikia kitabu cha afya kimesomwa mara moja tu, akawa anakieleza kila dungu analokwenda, na kila akikieleza magonjwa yanaongezeka. Katikati ya masika hakuna aliyejua kitabu gani kiko kwa nani, wala Bi Mwanaidi hakujua, na nilimsikia akimwambia mama kwamba hiyo ndiyo raha yake. Mimi sikubadilishana na mtu. Cha kwangu kilikuwa cha kazi. Asubuhi ndege wakiwa wengi nilikuwa nasoma maelezo, mchana jua likiwa kali ndege wakijificha nafanya hesabu kwa mkaa kwenye mbao za dungu, jioni mama anafuta. Nilimaliza kuzidisha. Nilimaliza kugawanya kwa njia ndefu, ile ambayo darasani ilinitoa machozi. Nilifika ukurasa unaoanza sehemu, nusu na theluthi na robo, picha ya chungwa lililokatwa. Nilikuwa nimefika katikati ya kitabu na masika yalikuwa yamebaki mengi. Nilikuwa na hakika ya mtihani kama nilivyo na hakika leo kwamba mashine yangu ikiwashwa itaunguruma.

Ndipo mtumbwi wa mwenyekiti ulipokuja. Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, hilo nataka lieleweke. Alikuwa mkulima bora kuliko wote, na alikipenda kijiji kile. Alikuwa amepata taarifa kwamba mkubwa mmoja wa elimu anakuja kukagua maktaba za vijiji, na kijiji ambacho vitabu vyake vitaonekana vyote, visafi, vimepangwa, kitaletewa sanduku la pili. Kijiji ambacho vitabu vyake vimetawanyika kitanyang'anywa hata vile kilivyonavyo. Mgeni angefika ndani ya juma hilo. Kwa hiyo mwenyekiti alipita dungu kwa dungu na mtumbwi, yeye na wanamgambo, wakikusanya. Watu walitoa. Baba naye alipanda ngazi, akanyoosha mkono, nikamwambia sijamaliza. Akanieleza kwamba ni siku chache tu, mgeni akishaondoka kitabu kitarudi, na sanduku la pili litakuja na vitabu vikubwa zaidi. Baba aliamini. Mwenyekiti aliamini pia. Nilikifunga kwenye mfuko wake wa nailoni, nikakikaza kamba, nikampa.

Sasa kosa lililofuata ni kosa letu sisi watu wa mpunga, sidhani kama lingefanyika mahali pengine. Vitabu vilipofika kijijini vilikuwa na unyevu, matope na magamba ya samaki. Mwenyekiti akaagiza vitolewe kwenye mifuko yake na vianikwe juani juu ya mikeka, kama mpunga. Wakaviangalia kimoja kimoja, wakafuta, wakapeta vumbi kwa ungo. Kisha ikaja hoja ya pa kuviweka mpaka mgeni aje, na mwenyekiti akasema chumba cha mafuta ya taa ni aibu, mkubwa wa elimu hawezi kuingizwa kwenye harufu ile. Akatoa kihenge chake cha mbegu. Asiyejua kihenge aelewe hivi: ni ghala la mianzi iliyosukwa, kubwa kama pipa la kuingia watu wanne, limeinuliwa juu ya mawe, linakandikwa udongo ndani na nje, na mdomo wake ukishajazwa mpunga unazibwa kwa udongo huo huo mpaka msimu ujao. Wakati ule wa masika vihenge vya watu wote vilikuwa vitupu, njaa ya kungojea mavuno, na cha mwenyekiti nacho kitupu. Kutoa kihenge cha mbegu kwa ajili ya vitabu ilikuwa heshima kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo za kutoa. Akakikandika upya kwa udongo wa kichuguu, ule mwekundu unaoshika, ili kipendeze.

Mama alikuwa amevuka kwenda kununua chumvi siku hiyo, na yeye ndiye aliyetusimulia yaliyosemwa. Bi Mwanaidi alitoka dukani kwake na kanga moja begani, akasimama mbele ya kihenge, akamuuliza mwenyekiti kama ana akili timamu. Udongo wenyewe bado mbichi, mvua inanyesha kila siku, na karatasi si punje.

"Bi Mwanaidi," mwenyekiti akamwambia kwa upole, "mimi nimelima mpunga tangu sijaota ndevu. Sijapoteza mbegu hata mwaka mmoja."

"Mpunga unalala, Mwenyekiti," akajibu. "Kitabu ukikilaza kinakufa."

Watu waliokuwepo walicheka, wakaona ni maneno ya mpwani asiyejua shamba. Alidai ufunguo wake uheshimiwe, akaambiwa kihenge hakina ufunguo. Vitabu vikapangwa ndani, mdomo ukazibwa kwa udongo, na mwenyekiti akauchorea juu kwa kidole mapambo kama tunavyofanya kwa mbegu ya mpunga bora.

Mgeni hakuja juma lile. Mvua zilikata barabara, daraja la miti likaondoka, na habari ikaja kwamba atakuja maji yakipungua. Kwa kuwa anaweza kufika wakati wowote, hakuna aliyethubutu kufungua. Kule dunguni mimi nilikuwa navuta kamba na mkono wangu wa kushoto hauna kitu. Siku za mwanzo nilizirudia hesabu nilizozijua, nikaziandika kwa mkaa, mama akafuta, nikaandika tena zile zile. Nilimwomba baba amwombe mwenyekiti kitabu changu peke yake. Baba alikwenda kweli, akavuka mto uliojaa kwa ajili ya kitabu asichoweza kukisoma, na akarudi mikono mitupu. Mwenyekiti alikuwa amemwambia kwamba kihenge kikifunguliwa kwa ajili ya mmoja kitafunguliwa kwa ajili ya wote. Ukienda kwenye ofisi yoyote leo utalisikia jibu hilo. Baadaye nilijaribu kuzibuni hesabu za sehemu kutoka kwenye lile chungwa la pichani. Nilikuwa nalikumbuka chungwa, na kisu, lakini nilichokumbuka hakikunipeleka popote. Madungu mengine nayo yalinyamaza. Yule mzee wa magonjwa aliishiwa.

Tulivuna, tukarudi, na kihenge kikafunguliwa kwa sababu mgeni alikuwa ameonekana njiani akija na gari. Nilikuwepo. Mwenyekiti aligonga ule udongo wa mdomo kwa mpini wa jembe ukadondoka, na kilichotoka kwanza ilikuwa harufu, ya kitu kilichovunda mahali pasipo na hewa, kama uji uliosahaulika. Akaingiza mkono, akatoa bonge. Kurasa zilikuwa zimegandana, nyeusi kwa ukungu, na chini kabisa mchwa walikuwa wameingia kupitia udongo wao wenyewe, wakajenga barabara zao kuanzia kitabu hadi kitabu. Vilivyobaki na sura ya vitabu ukivifungua vinakatika kama mkate mkavu. Mwenyekiti aliendelea kutoa, bonge baada ya bonge, akiviweka kwenye mkeka kwa uangalifu. Cha kwangu nilikitambua kwa jalada. Nilikifungua mahali pa chungwa, ukurasa ukabaki kidoleni kwangu kama majivu yaliyolowa.

Mgeni alifika, akatazama, akafunga kalamu yake, akarudi Ifakara siku ile ile. Hakukaripia mtu. Sanduku la pili lilikwenda kwingine, au halikwenda popote, sisi hatukuliona. Mwalimu mkuu alitimiza neno lake: aliniita, akaniambia nisome, nikasoma bila kukwama. Akanipa kuzidisha nikafanya. Akanipa kugawanya nikafanya, mpaka akatabasamu. Kisha akachukua kijiti akachora mchangani nusu jumlisha theluthi. Nilisimama pale. Najua nilisimama muda mrefu kwa sababu wenzangu waliokuwa wanafagia uwanja walimaliza wakaondoka. Baba alikuwa pembeni ameshika kofia yake, anautazama ule mchanga kama mimi, hata yeye hajui kilichoandikwa. Mwalimu akafuta kwa kiatu, akamwambia baba kwa sauti ya kawaida kwamba nafasi ni chache na wanaojua ni wengi. Ndiyo ikawa mwisho. Nusu jumlisha theluthi. Leo nagawa mpunga wa watu kwa debe na nusu debe na robo debe kutwa nzima, sikosei, na hakuna aliyenifundisha. Lakini mlango haukungoja nijifunze.

Bi Mwanaidi hakumlaumu mtu, na kwake hilo lilikuwa baya kuliko matusi. Alikifagia kile chumba, akarudisha mapipa ya mafuta ya taa. Nilikuwa nikienda kununua kitu ananiuzia, ananitazama, haniulizi kitu kwa kuwa hakuna kitabu cha kuulizia kimesema nini. Mume wake alipofariki alihamia kwa ndugu zake, na sikumwona tena. Wazee wa kijiji walikumbuka kwa miaka mingi jinsi kihenge cha mwenyekiti kilivyoharibika, maana udongo wenye ukungu ilibidi ubomolewe. Kihenge walikumbuka.

Sasa tuje leo. Hapa mjini imejengwa maktaba, mtaa gani sisemi, wenyewe watajijua. Nilitoa matofali na nikatoa gari la kusomba mchanga, kwa hiyo nikaitwa kwenye ile semina na nikapewa dakika za wazee. Nikasimama, nikawaambia ninayoyajua. Kwamba maktaba inayofunguliwa asubuhi na kufungwa alasiri imejengwa kwa ajili ya mtunzaji wake, maana saa hizo mtoto yuko darasani au shambani. Kwamba wakati wa masika vitabu vivuke mto pamoja na watu, na vikipotea vipotee. Kwamba wamtafute mtunza vitabu anayewajua watu kwa majina yao na anayesoma, si lazima awe na cheti. Kwamba wasiogope matope. Ukumbi ulipiga makofi. Mwenyekiti wa kamati, mstaafu mmoja mwenye suti nzuri, akasema bibi ametupa changamoto, tumeupokea ushauri wake na tutaufanyia kazi. Nikajua hapo hapo kwamba umezikwa. Nimeishi nchi hii muda wa kutosha kujua maana ya kufanyiwa kazi.

Kuna binti wa Kisukuma, Kabula, wazazi wake ni wafugaji waliokuja bondeni na ng'ombe. Alikuwa anakuja kwenye mashine yangu kusaga mahindi ya nyumbani kwao, na wakati anangoja alikuwa anasoma magunia. Shule alianza huko walikotoka, akaacha walipohama, akaanza tena, wakahama tena. Ananiamkia shikamoo bibi, kisha anaanza: sukari, uzito, usiweke mahali penye unyevu. Akimaliza upande mmoja anageuza gunia. Mtaniuliza kwa nini sikumnunulia kitabu. Nilimnunulia. Alikimaliza, akakirudia, akakimaliza tena, akaja kuniuliza kama kuna kingine. Kitabu kimoja ni zawadi. Maktaba maana yake ni kwamba hiki kikiisha kuna kingine, na mimi nina mashine, sina maktaba. Kwa hiyo nilimshika mkono nikampeleka kwenye ile niliyoitolea matofali. Sakafu inang'aa, vitabu vimepangwa, migongo yote mstari mmoja, na ndani yuko kijana mpole sana na kompyuta. Akatuambia mtoto anahitaji sare, barua ya mwalimu mkuu, barua ya mzazi na picha mbili.

"Shule hana kwa sasa," nikamwambia.

"Basi sistimu haitamkubali, bibi. Inataka namba ya shule."

"Weka ya kwangu. Mimi nina kitambulisho."

Akacheka kwa adabu. "Wewe bibi ni mgeni wa heshima. Wewe si mwanachama."

Kabula alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika ndala zake mkononi ili asichafue sakafu. Alikuwa anasoma maandishi ya mlangoni, yale ya makatazo, polepole, yote.

Nilikwenda kwa mstaafu wa kamati, nikaenda shuleni, nikaenda kwa baba yake Kabula, mtu msikivu tu, akasema hata yeye angependa, lakini hajui mwezi ujao ng'ombe watakuwa wapi. Barua zikaanza kutembea. Ya mwalimu ilingoja ya mzazi, ya mzazi ilingoja muhuri wa mtaa, na mtaa ulikuwa unangoja kikao. Nimejaribu kupima wakati wangu na wakati huu, na sipati la kujifariji nalo. Sisi tuliua vitabu kwa kuvipa kilicho bora tulichokuwa nacho, tukavililia. Hawa wamejifunza kuhifadhi, vitabu vyao ni vikavu na vizima, na hakuna anayelia kwa sababu hakuna kilichoharibika. Mimi walau nilipata nusu ya kitabu. Watu wananiambia nisikate tamaa, mambo yanakwenda taratibu. Mimi nimekata. Nina umri huu, nimeona vihenge viwili, cha udongo na cha saruji, na sitaishi kuona cha tatu.

Wiki iliyopita Kabula alikuja bila mahindi. Akaniamkia, akasema wanahama kesho alfajiri, wanafuata malisho kusini, na mama yake amemruhusu aje kuaga. Nikamuuliza anataka nini cha njiani, nikifikiri atasema unga. Alitazama huku na huku ndani ya mashine, kisha akaniomba gunia tupu, lile lenye maandishi mengi. Tulichagua pamoja, akiyasoma moja moja pande zote mbili, mpaka akapata la mbolea lililokuwa na maelezo marefu ambayo hakuwa ameyamaliza. Akalikung'uta, akalikunja vizuri maandishi yakiwa ndani yasichubuke, akaliweka kichwani, akaondoka.